Mzozo wa mwenye nyumba na mpangaji nchini Kenya: uombe kusikilizwa wapi?

Mpangaji aliyerudi jioni akakuta kufuli lisilo lake mlangoni, na mwenye nyumba ambaye hajaona kodi kwa miezi minne huku mpangaji hapokei simu tena, wana hasira tofauti lakini swali lao ni moja: shauri hili lipelekwe wapi lisikilizwe? Nchini Kenya jibu si moja. Kuna meza ya usuluhishi. Kuna baraza la kodi za nyumba za kuishi, linaloongozwa na Sura ya 296 ya Sheria za Kenya. Kuna baraza la kodi za majengo ya biashara, linaloongozwa na Sura ya 301. Kuna Mahakama ya Madai Madogo. Na kuna mahakama za kawaida, yaani mahakama ya hakimu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria zilizounda milango hii zilitungwa nyakati tofauti, ya nyumba mwaka 1959, ya biashara mwaka 1965, ya madai madogo mwaka 2016, na mswada wa mwaka 2021 uliokusudia kuunganisha sheria za upangaji haukupita. Ndiyo maana mtu mwenye haki yake kabisa anaweza kuzungushwa kutoka masjala moja hadi nyingine.

Kuzungushwa huko kuna gharama kubwa kuliko nauli. Mwaka 1989, katika kesi ya meli ya Lillian S, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mahakama ikitambua haina mamlaka ya kusikiliza kesi huweka vyombo vyake chini papo hapo, yaani huiacha kesi hiyo, na mawakili wa Kenya wameyarudia maneno hayo hadi leo kila wanapotaka kesi ya mwenzao itupwe nje. Ukifungua shauri pasipo pake, upande wa pili hauna haja ya kujibu kama ulifungiwa mlango au la. Inautosha kuleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla shauri halijasikilizwa, shauri lako likafutwa pamoja na amri yoyote ya muda uliyokuwa umeipata, na siku za notisi zikawa zimekwisha.

Vigezo vya kupimia

Nitaipima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni mamlaka: jengo lako, mkataba wako na kiasi cha pesa kinaruhusu njia hiyo? La pili ni nafuu: waamuzi wa mahali hapo wanaweza kuamuru nini hasa? La tatu ni muda, ukihesabu na zile siku ambazo sheria inakudai wewe mwenyewe uzitimize. La nne ni gharama, pamoja na kama unaweza kujisimamia bila wakili. La tano ni nguvu ya uamuzi, yaani utatekelezwaje na rufaa yake inakwenda wapi.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, jiulize unataka nini: unataka kubaki ndani, unataka mtu atoke, au unataka pesa? Watu wengi huandika malalamiko yanayotaka yote matatu kwa pamoja, na fidia ya matusi juu yake, kisha wanashangaa kwamba hakuna mlango mmoja unaoyapokea yote. Aliyekwisha kuhama na anayedai amana yake, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, yuko katika njia tofauti kabisa na yule ambaye vitanda vyake bado vimo ndani.

Meza ya usuluhishi

Mamlaka. Njia hii haina kizuizi cha aina ya jengo wala kiwango cha kodi, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inaagiza mahakama zenyewe zihimize upatanisho na usuluhishi. Kinachohitajika ni ridhaa ya pande zote mbili. Mnaweza kukaa mbele ya chifu, mzee wa mtaa, kiongozi wa dini au mpatanishi aliyesomea kazi hiyo. Chifu, nisisitize, anaweza kuwaita na kuwasikiliza, lakini hana uwezo wa kisheria wa kuamuru mpangaji ahame, na karatasi yenye muhuri wake haigeuki kuwa amri ya mahakama kwa sababu ya muhuri.

Nafuu. Hapa ndipo usuluhishi unapozishinda njia nyingine zote, kwa kuwa mnaweza kukubaliana jambo ambalo hakuna hakimu angeliandika: malimbikizo yalipwe kidogo kidogo kila wiki, amana ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho, mpangaji aondoke watoto wakishafunga shule, naye mwenye nyumba amsamehe deni la maji.

Muda. Unaweza kuwa mchana mmoja. Tahadhari ni kwamba mazungumzo hayasimamishi saa ya sheria: notisi ya kuondoka dukani inaendelea kukimbia huku mkinywa chai na kusameheana, na haki ya kudai malimbikizo ya kodi hufa baada ya miaka 6.

Gharama na nguvu ya uamuzi. Gharama ni ndogo au hakuna. Makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini ni mkataba, kwa hiyo mmoja akiuvunja itabidi mwingine aende kudai mahakamani. Hali ni tofauti ikiwa shauri lilikuwa tayari mahakamani na likapelekwa kwa wapatanishi wa Idara ya Mahakama, mpango ulioanza kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwaka 2016. Makubaliano ya huko huwasilishwa mahakamani, yakawa amri, na hayana rufaa.

Anayefaa. Ni wale watakaoendelea kuishi uani pamoja, wenye deni lisilopingwa ila uwezo wa kulipa ndio ulioyumba, na wapangaji wa ndugu au jamaa. Haimfai aliyekwisha kutolewa vitu nje.

Baraza la kodi za nyumba za kuishi

Mamlaka. Hili ni baraza la Sura ya 296, na linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nambari hiyo ndiyo inayowavunja moyo wengi, kwa sababu chumba kimoja cha mawe katika mitaa mingi ya Nairobi kimeipita zamani, na mpangaji wa nyumba ya shilingi 15,000 anayefika pale akiamini baraza ni la wapangaji wote ataelekezwa kwingine. Waliobaki ndani ya kizingiti hicho ni wa vyumba vya mabati na udongo, wa miji midogo, na wa baadhi ya nyumba kongwe. Lakini soma neno la sheria kwa makini, kwani inasema kodi ya kiwango, si kodi unayolipa. Kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya siku ile ndiyo kipimo. Kwa nyingine, baraza lenyewe hukadiria. Hapo ndipo ubishi wa kwanza wa shauri huzuka mara nyingi, na ujiandae nao.

Nafuu. Ndani ya mipaka hiyo baraza lina meno. Linaweza kuweka kodi halali, kushughulikia malalamiko ya kukatiwa maji au umeme, na kuamua kama mpangaji atoke. Mwenye nyumba hawezi kupata amri ya kumtoa mpangaji bila kuthibitisha sababu mojawapo iliyotajwa katika sheria, kama vile kodi kutolipwa, kuwa kero kwa majirani, kupangisha mtu mwingine bila ruhusa, au mwenye nyumba kuihitaji nyumba kwa makazi yake. Na hata akithibitisha, baraza lazima liridhike kwamba ni haki kutoa amri hiyo. Hawezi pia kumtuma dalali akamate vyombo vya mpangaji kwa ajili ya kodi bila idhini ya baraza. Tena, kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au akubali kodi ya juu ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo, jambo ambalo wanaong'oa milango na kuezua mabati wangependa lisijulikane.

Muda. Sheria haikuweka siku maalumu za kumaliza shauri. Ombi la dharura husikilizwa mapema, shauri lenyewe hufuata foleni.

Gharama na nguvu ya uamuzi. Mpangaji anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na wengi hufanya hivyo. Asiyeweza kuandika malalamiko anaweza kusaidiwa na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanza mwaka 1973, au na huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Rufaa inakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayefaa. Ni mpangaji wa chumba cha kodi ndogo anayetaka kubaki, na mwenye ploti anayetaka kumtoa mtu kwa utaratibu utakaosimama akikatiwa rufaa.

Baraza la kodi za majengo ya biashara

Hili linahitaji maelezo marefu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo lenye masharti mengi ya tarehe, na ndilo ambalo mtu hupoteza haki yake kwa kukaa kimya.

Mamlaka. Sura ya 301 inalinda upangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula ambao haukuandikwa kabisa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au una kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyo ya kukiuka masharti. Upangaji wa namna hiyo huitwa upangaji uliodhibitiwa. Usidanganywe na neno duka, kwani sheria inahesabu pia mahali panapotolewa huduma kwa malipo, hivyo kinyozi, fundi cherehani na mwenye ofisi ya kuchapa barua wamo. Kinyume cha matarajio ya wengi, asiye na mkataba wa maandishi ana ulinzi hapa, na aliyetia saini mkataba mzuri wa miaka 6 usio na kipengele cha kuuvunja mapema hana. Nje pia wako wanaopangishwa na serikali au mamlaka ya mtaa, kwa hiyo mwenye kibanda katika soko la kaunti asipoteze siku zake kwenye masjala hii.

Nafuu. Mwenye jengo anayetaka kuvunja upangaji au kubadili sharti lolote, kodi ikiwemo, hana budi kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa na kanuni, akitaja sababu zake. Barua ya kawaida yenye maneno makali haitoshi, na ujumbe wa simu hautoshi. Sababu zinazokubalika zimeorodheshwa: mpangaji kuchelewesha kodi kwa miezi 2 baada ya kustahili kulipwa au kuwa mchelewaji wa kudumu, kuliacha jengo lichakae, kukiuka masharti makubwa, mwenye jengo kukusudia kubomoa na kujenga upya, au kulitaka mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1, pamoja na nyingine chache. Baraza linaweza kuikubali notisi, kuikataa, au kupanga kodi mpya kwa kutazama bei ya soko ya jengo hilo, na hapo ndipo pande zote mbili hulazimika kuleta ripoti za wathamini. Likishaamua kuhusu kodi, notisi nyingine ya kuigusa kodi hiyo haitolewi mpaka miaka 2 ipite. Baraza linaweza pia kuamuru malimbikizo yalipwe, kuruhusu mali ikamatwe kwa ajili ya kodi, na kumpa mpangaji anayetolewa fidia kwa kupoteza jina la biashara alilolijenga na kwa matengenezo aliyoyafanya kwa ridhaa ya mwenye jengo. Fidia hii haikumbukwi na wengi, ingawa mtu aliyeweka vigae, rafu na umeme mpya kwa pesa zake angepaswa kuikumbuka kwanza.

Baraza lina uwezo ule tu ambao sheria imeutaja, na hoja kwamba limevuka mpaka, hasa linapotoa amri za zuio, yaani za kumkataza mtu kufanya jambo, imewahi kuinuliwa mbele ya mahakama za juu. Kwa hiyo andika ombi lako ukishika maneno ya sheria yenyewe.

Muda. Notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu siku ilipopokelewa. Ndani ya mwezi 1 wa kuipokea, mpangaji anatakiwa kumjulisha mwenye jengo kwa maandishi kama anakubali au anakataa. Kisha, kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza kufanya kazi, awe amefungua ombi la kuipinga barazani. Akifungua kwa wakati, notisi haina nguvu mpaka baraza liamue, na hilo peke yake ni ulinzi ambao kwingine ungelazimika kuuombea zuio. Asipofungua, notisi huzaa matunda yake kana kwamba alikubali, hata kama sababu zilizoandikwa ni za uongo mtupu. Baraza linaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu ya kutosha, lakini ruhusa hiyo ni huruma ya baraza, na mfanyabiashara hapaswi kuitegemea huruma penye tarehe iliyoandikwa.

Gharama na nguvu ya uamuzi. Wakili si lazima, ila mwenye duka lenye mauzo makubwa atamhitaji pindi wathamini wanapoanza kubishana. Kujenga ushahidi hakugharimu kitu ukianza mapema. Sheria hii inamtaka mwenye jengo kuweka kitabu cha kodi, ampe mpangaji nakala, na ndani yake malipo na matengenezo yote yaandikwe na kuthibitishwa na pande zote mbili. Ni wangapi wanacho? Rufaa hukatwa ndani ya siku 30 kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayefaa. Ni mfanyabiashara mdogo au wa kati anayetaka kubaki mahali wateja wanapomjua, na mwenye jengo anayetaka kupandisha kodi bila maamuzi yake kubatilishwa baadaye. Mpangaji asiyelipa kodi wakati shauri linaendelea, akidhani kuwa barazani ni likizo ya kulipa, hujichimbia shimo, kwani deni hilo huwa sababu mpya mikononi mwa mwenye jengo.

Mahakama ya Madai Madogo

Mamlaka. Mahakama hii ilianza kufanya kazi Milimani mwaka 2021 na baadaye ikaenea katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma, ya pesa ambazo mtu amezishika na si zake, na ya mali iliyoharibiwa. Haisikilizi mgogoro juu ya umiliki wala ukaaji wa ardhi. Kwa lugha ya mpangaji: inaweza kukurudishia amana, haiwezi kukurudisha ndani ya nyumba.

Nafuu. Ni pesa, basi. Amana iliyozuiliwa baada ya kuhama huingia vizuri katika mlango wa pesa zilizoshikwa. Sofa iliyoloweshwa kwa kutupwa nje kwenye mvua huingia katika mlango wa mali iliyoharibiwa. Mwenye nyumba naye anaweza kuleta dai lake la kukabili, kwa mfano gharama ya kupaka rangi na dirisha lililovunjika, yote yakasikilizwa pamoja. Malimbikizo ya kodi yana utata zaidi ikiwa mpangaji bado yumo ndani, kwa sababu mjadala wa pesa huteleza haraka ukawa mjadala wa nani ana haki ya kukaa, na hapo pingamizi la mamlaka huinuka.

Muda. Hii ndiyo sifa yake kubwa. Sheria inataka shauri lisikilizwe mfululizo na hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Kati ya mabaraza na mahakama nyingine zilizotajwa hapa, hakuna iliyofungwa kwa siku za namna hiyo.

Gharama na nguvu ya uamuzi. Fomu ni nyepesi, na mwamuzi habanwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo taarifa ya M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp huangaliwa kwa uzito wake. Mtu anaweza kujisimamia bila aibu. Rufaa ni kwa hoja ya sheria tu, Mahakama Kuu. Hilo ni baraka kwa aliyeshinda. Kwa aliyeacha risiti nyumbani siku ya kusikilizwa, si baraka hata kidogo.

Anayefaa. Ni mpangaji aliyekwisha kuhama, mwenye nyumba aliyeachiwa nyumba iliyoharibika, na kila mwenye dai la pesa linaloweza kuelezwa kwa nambari katika ukurasa mmoja.

Mahakama ya hakimu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi

Mamlaka. Hapa ndipo wanapoangukia wote walioachwa na mabaraza mawili: mpangaji wa nyumba ya shilingi 30,000, mwenye mkataba wa duka wa miaka 10, na mpangaji wa jengo la serikali. Uwezo wa mahakimu hupimwa kwa thamani ya mgogoro, kuanzia shilingi milioni 5 kwa hakimu mkazi hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu, na mambo ya ardhi husikilizwa na wale waliotangazwa rasmi kwa kazi hiyo. Yanayozidi hapo, na rufaa nyingi, ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Nafuu. Ni pana kuliko zote: zuio la muda, amri ya kurudishwa ndani, amri ya kumtoa mpangaji, malimbikizo, fidia. Sheria inayotumika zaidi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, yaani mwezi 1. Ni lazima ieleweke kwamba ulinzi wa mpangaji hapa ni mwembamba kuliko barazani. Mwenye nyumba aliyetoa notisi sahihi ya mwezi 1 hadaiwi sababu nyingi, na mpangaji hutetea zaidi utaratibu kuliko kukaa kwake.

Muda. Ombi la dharura linaweza kutazamwa haraka, pengine siku zile zile. Shauri kamili linaweza kuchukua miezi mingi au zaidi ya hapo. Ndiyo maana mashauri mengi ya upangaji kwa kweli huamuliwa na amri ya muda, hukumu ikija baada ya mpangaji kuhama zamani.

Gharama na nguvu ya uamuzi. Ada ni za juu zaidi, wakili anahitajika kwa vitendo hata kama si kwa sheria, na aliyeshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Kanuni za ushahidi ni kali: picha na ujumbe wa simu huhitaji cheti kinachoeleza ulivyotolewa kwenye kifaa, na mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa mpaka ulipiwe pamoja na faini. Kwa upande mwingine, amri ya mahakama hizi ndiyo ambayo polisi na madalali wanaitambua bila maswali.

Anayefaa. Ni mwenye mgogoro wa thamani kubwa, mwenye mkataba mrefu, na anayehitaji kuzuiwa kitendo kinachoweza kufanywa kesho asubuhi.

Ushauri kwa kila hali

Ukiwa umefungiwa nyumba ya kuishi na kodi yake inaingia katika kile kiwango cha shilingi 2,500, nenda baraza la nyumba ukiwa na risiti au taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita, na uandike tarehe na saa ulipokuta kufuli. Ikiwa kodi inazidi hapo, njia ni mahakama ya hakimu kwa cheti cha dharura, yaani hati ya kuomba usikilizwe haraka. Usiende Mahakama ya Madai Madogo kwa sababu tu ni ya haraka, kwani haitaweza kukufungulia mlango.

Ukiwa umehama na amana haikurudishwa, Mahakama ya Madai Madogo ndiyo ya kufikiria kwanza, baada ya barua moja ya madai yenye tarehe. Ikiwa bado unaelewana na mwenye nyumba na kinachobishaniwa ni ndoo mbili za rangi, kaeni chini kwanza. Una miaka 6 ya kudai kwa mkataba, hivyo wiki mbili za mazungumzo hazitakudhuru.

Ukiwa mwenye nyumba na mpangaji hajalipa, usiguse mlango wala mabati, hata kama majirani wanakushauri. Sheria ya ukamataji mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inakuruhusu kumtumia dalali mwenye leseni, lakini kwa nyumba iliyo chini ya Sura ya 296 uwe na idhini ya baraza kwanza, na kwa duka lililodhibitiwa ni busara kuiomba. Ikiwa unachotaka ni atoke na deni umekwisha kulikatia tamaa, usuluhishi wa kumsamehe mwezi mmoja ili aondoke kwa tarehe iliyoandikwa mara nyingi ni nafuu kuliko kesi utakayoshinda.

Ukiwa mwenye jengo la maduka na unataka kupandisha kodi, anza na fomu sahihi ya notisi na ripoti ya mthamini, hata kama wapangaji ni watu mnaosalimiana kila asubuhi. Wakikubali kwa maandishi, hakuna haja ya baraza. Wakipinga, utakuwa umefika kule ukiwa na karatasi zako.

Na ukiwa mwenye duka uliyepokea notisi, hesabu mambo mawili leo hii kabla hujamtafuta yeyote wa kukusemea: siku uliyoipokea, na siku inayotajwa kuanza kufanya kazi. Ikiwa kati yake hakuna miezi 2, hilo ndilo jambo la kwanza la kuandika katika ombi lako. Ikiwa imo na imebaki wiki moja, fungua ombi kwanza na mazungumzo yafuate, kwa kuwa mnaweza kulifuta kwa makubaliano siku yoyote mkipatana. Na ikiwa tarehe imekwisha kupita, nenda barazani asubuhi hiyo hiyo ukiwa na hati ya kiapo inayoeleza ni kwa nini umechelewa, ukiambatisha risiti ya kodi ya mwezi huu.